Kivumishi cha Bi Gorringe

Kasisi Tickner alifika na vikaratasi vyake
ndani ya mkebe wa tumbaku, Februari 1881,
maili nne za tope jeupe la chokaa
kutoka kanisani hadi nyumba ya mwisho, huko Sussex,
pale njia inapochoka na kuwa malisho.

Alikuwa akikusanya maneno.
Wenzake walikusanya vipepeo.

"Ellinge," alisema, penseli tayari mkononi.
"Nasikia mnalitumia huku. Maana yake nini?"

Bi Philadelphia Gorringe alikuwa anamenya viazi.
Hakuinua macho.
"Kwani kwenu halipo?"

Kisha akasimulia, bila kuulizwa tena:
majira ya kondoo kuzaa, Obed wake yuko kilimani,
theluji siku kumi na moja mlangoni,
mbwa kaandamana naye,
na saa ya ukutani imesimama siku ya pili
kwa kuwa ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa Obed.
"Nikahesabu kwa mishumaa. Ilipobaki mitatu
nikaacha kuhesabu.
Hapo ndipo nyumba ilipokuwa ellinge.
Si giza. Giza tulishazoeana."

Kasisi akaandika: *Kivumishi. -pweke; husemwa juu ya mahali.*
Saa hakuiandika.
Kikaratasi kilikuwa kidogo, kadiri ya kiganja cha mtoto,
na pembeni kilishaingia doa la siagi.

Mimi ninayeyaandika haya kwa lugha
ambamo kivumishi hakitoki nje bila kuvaa,
mtu mpweke, watu wapweke, kijiji kipweke,
nililiona neno hili uchi na nikalihurumia.
Kumbe nalo hapo kale lilikuwa na mavazi.
Yalichakaa silabi kwa silabi,
likabaki na fulana.

Na lilipozaliwa halikujua upweke.
Tumboni mwake mna "refu", lile lile
la kamba na la barabara.
Walioliandika kwa unyoya wa bata bukini
walimaanisha kitu kinachochosha kwa kutokwisha.
Mahubiri, kwa mfano.
Kisha, siku haijulikani, urefu ukageuka ukiwa.
Wanazuoni wanamshuku jirani:
neno jingine, sauti karibu sawa,
la mtu aliye ugenini, mbali na kwao;
huenda yalikutana vinywani, likaambukizwa.
Wanaweka alama ya kuuliza, wanafungua ukurasa mwingine.

Bi Gorringe hakusoma ukurasa wowote.
Mwanawe Reuben alikuwa Kanada akikata misonobari,
barua mbili kwa mwaka,
na ile ya mwisho hati haikuwa yake.
Hilo nalo kasisi hakuambiwa.
Aliaga, akasahau glavu moja.
Alipoirudia, mama alikuwa bado
anamenya, sufuria imeshafurika,
viazi vya watu sita.

Wajukuu wa jirani walisahihishwa shuleni.
Hivyo tu. Maneno mengi hufa hivyo,
kwa wino mwekundu, bila matanga.

Nyumba ingalipo. Ina bafu la vigae,
mlango umepakwa rangi ya zaituni.
Hukodishwa kwa usiku. Tangazo linasema:
tulivu, mbali na majirani, mtandao haufiki;
na kwa hilo la mwisho wameongeza bei.

Novemba hii mgeni mmoja, mhasibu wa Leeds,
talaka yake ilitoka Agosti,
ameamka saa tisa usiku.
Upepo hakuna. Jokofu limenyamaza.
Anatafuta neno la kumwandikia dada yake,
ujumbe utakaotoka kesho akifika barabarani.
Anaandika *kimya*. Anafuta.
Anaandika *baridi kidogo*. Anafuta.
Anaandika *usiku wa huku*
na kidole kinabaki hewani.

Juu ya meko wenye nyumba wametundika
saa ya kale, kwa urembo.
Haina ufunguo.